Nyuma ya Karatasi

Mmeniachia mistari kumi na miwili.
Shahidi: Noreen Vukovich. Uhusiano: mke.
Mji: Butte, Montana.
Swali la nne lataka nieleze, kwa maneno yangu,
nilichokiona kwa macho yangu.
Hayaenei hapo.
Nageuza karatasi.

Kule jangwani palikuwa na shimo.
Walitupa humo matairi, betri, dawa zilizopitwa na wakati,
siku moja jokofu zima,
wakamimina mafuta ya ndege, wakawasha.
Darrell alilala hatua mia mbili kutoka hapo, miezi kumi na minne.
Aliporudi niliifua sare yake mara sita.
Maji ya sita bado yalikuwa rangi ya kahawa.

Hilo mlilikubali, sina ugomvi nalo.
Saratani ya koo: asilimia mia, muhuri, saini.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto.
Hawakusema nani atazoa majivu.
Huko Salt Lake walimng'oa kwanza meno kumi na moja,
wakambana kichwa mezani kwa kinyago cha plastiki,
wakamchoma mionzi mara thelathini na tano,
na kila wiki ya tatu ile dripu,
safi kama maji ya kunywa.

Novemba wakasema koo limetakata.
Nilinunua keki. Yeye alilamba krimu tu.
Theluji haijayeyuka, barua yenu ikafika:
mmefurahi kusikia ugonjwa umetulia,
na kwa kuwa umetulia, mia nayo imeondoka.

Basi sikilizeni kilichobaki.

Februari aliegemeza miguu kwenye hita.
Mimi jikoni ndiye niliyesikia harufu.
Alikuwa anasoma gazeti,
lengelenge kwenye kidole gumba kubwa kama zabibu.
Vifungo vya mashati nimevitoa vyote, nimeshona velkro.
Kipande kimoja cha mkate, glasi mbili za maji.
Birika hulia hadi likauke; anadhani limeharibika filimbi.
Na kuhusu meno, mtu wenu aliandika: *hakupiga mswaki.*
Jino la pembe si dawa ya pengo, najua,
lakini hata hilo la pembe mmetunyima.

Halafu ule uchunguzi. Dakika kumi na nane.
Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani.
Kijana mwenye tai alimgusa nyayo kwa uzi wa nailoni,
ameinamisha kichwa, anaongea na sakafu:
"Unahisi hapa? Na hapa?"
Darrell akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo,
kama anavyonitikia mimi, kama anavyomtikia mhubiri,
na mwenye duka la misumari.
Hakuhisi uzi.
Hakusikia swali.
Kijana akaandika: *miguu ni mizima.*
Nilinyoosha mkono kama mtoto wa shule.
Akaniambia zamu yangu itafika, kuna fomu yake.

Ndiyo hii.

Mnayaita maradhi *ya pili.*
Sawa. Wa kwanza mlimpa jina, mkamwandika kitabuni.
Huyu wa pili katoka tumbo lilelile,
mnaniuliza baba yake nani?
Daktari Lindqvist ameambatisha barua:
uwezekano ni nusu kwa nusu, au zaidi.
Nilimwuliza kwa nini asiandike *hakika.*
Akasema ninyi hamhitaji hakika, nusu yatosha.
Nusu! Nami nimelala kando ya hiyo nusu nyingine
miaka mitatu, nikiikanda miguu
isiyojua kama ni mimi.

Sasa hivi yuko karakana, anapanga bisibisi kwa ukubwa,
na zinamwanguka, nazihesabu kutoka hapa.
Nne. Tano.
Amenipigia kelele: "Umemaliza?"
Nimesema bado.
Ameitikia, "Vizuri."

Chini ya ukurasa wenu kuna sentensi iliyochapwa tayari:
*Nathibitisha kwamba niliyoandika hapo juu ni kweli.*
Nimetia saini.
Hapo juu hamna kitu.
Geuzeni.